Mtakatifu Damien wa Molokai: Mmisionari Aliyekula Chungu Kimoja na Waliotengwa



Mwezi Mei, ambao sisi Wakatoliki tunaujua kama mwezi wa Bikira Maria, una siku moja ambayo hupita katika parokia zetu nyingi pasipo kutajwa. Ni tarehe 10, siku ambayo Kanisa la Hawaii na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria humkumbuka Mtakatifu Damien de Veuster, padre Mbelgiji aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Molokai, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Watakatifu walio wengi hukumbukwa siku ya kufa kwao, kwa kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwao mbinguni. Damien alifariki mwezi Aprili, lakini siku iliyochaguliwa kwa kumbukumbu yake ni ile aliyokanyaga kwa mara ya kwanza ardhi ya Molokai. Uchaguzi huo una maana, na ni vema kuyapitia maisha yake kwa utulivu ili tuione.

Mtoto wa Tremelo

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, upande wa Ubelgiji wanakozungumza Kiflemi, akabatizwa kwa jina la Jozef. Baba yake alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa nafaka. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa sala: dada zake wawili waliingia utawani, na kaka yake Auguste alijiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu katika mji wa Leuven, akaitwa Padre Pamphile. Baba alitumaini kwamba angalau Jozef, kijana mwenye mwili wa nguvu na mikono ya kazi, angerithi biashara. Kwa sababu hiyo alimpeleka Braine-le-Comte ajifunze Kifaransa, lugha ya wafanyabiashara wa wakati ule.

Kijana alijifunza Kifaransa, lakini mwanzoni mwa mwaka 1859 alibisha hodi mlangoni pa kaka yake huko Leuven. Kwa kuwa hakuwa na elimu ya Kilatini, wakubwa walimpokea kama bruda wa kazi za mikono na si mwanafunzi wa upadre. Pamphile, kwa kumpitishia wakati tu, alianza kumfundisha maneno machache ya Kilatini. Baada ya miezi kadhaa Jozef alikuwa anasoma vitabu ambavyo hakuna aliyetazamia avisome, na wakubwa wakabadili uamuzi wao. Akapewa jina la Damien, yaani Damiano, tabibu na shahidi wa Kanisa la mwanzo. Wakati huo hakuna aliyejua jinsi jina hilo lingemfaa.

Tarehe 7 Oktoba 1860 aliweka nadhiri zake za daima huko Paris. Kwa desturi ya shirika lake, mtawa anayeweka nadhiri hulala kifudifudi akafunikwa kitambaa cheusi cha maziko, ishara ya kwamba amekufa kwa ulimwengu. Damien hakuisahau ishara hiyo. Miaka 13 baadaye, akiwa mbele ya askofu wake, ndiyo aliyoikumbuka.

Safari isiyo yake

Mwaka 1863 Pamphile alikuwa amechaguliwa kwenda misioni za Hawaii. Nafasi yake katika merikebu ilikwisha kulipiwa alipopatwa na homa ya tifasi alipokuwa akiwahudumia wagonjwa wa mji. Damien alikuwa bado mwanafunzi wala hakuwa na daraja la upadre, lakini alikuwa akisali kila siku mbele ya picha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri ili atumwe mbali. Akamwandikia Mkuu wa Shirika huko Paris moja kwa moja, pasipo kupitia kwa wakubwa wa nyumba yake, akiomba nafasi ya kaka yake. Jibu la ndiyo lilipofika, wakubwa wa Leuven hawakufurahi. Huo ndio wa kwanza katika mfululizo wa mambo ambayo Damien aliyafanya kwa haraka na kwa moyo wote, na ambayo wakubwa wake waliyapokea kwa kukunja uso.

Aliwaaga wazazi wake akijua kwamba safari ya namna ile kwa kawaida haikuwa na marejeo. Merikebu iling'oa nanga Bremerhaven, Ujerumani, ikashuka Bahari ya Atlantiki, ikaizunguka ncha ya kusini kabisa ya Amerika, mahali panapoogopwa na mabaharia kwa mawimbi na barafu, kisha ikapanda Pasifiki. Ilikuwa ni safari ya zaidi ya miezi minne. Walitia nanga Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wake wa ubatizo. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Mei, Askofu Louis Maigret alimpa daraja la upadre katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Miaka tisa katika nchi ya volkano

Alipelekwa kwanza Puna, kisha Kohala na Hamakua, katika kisiwa kikubwa kuliko vyote, ambacho ndicho kinachoitwa Hawaii. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Oldeani, katika udongo mwekundu uliotokana na moto wa kale, hatuhitaji kuelezwa sana nchi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba volkano zetu za Karatu na Ngorongoro zimelala, na wa kukumbusha ni Oldonyo Lengai peke yake. Kule Puna mlima Kilauea ulikuwa hai, na makanisa yalijengwa karibu na mawe yaliyopoa juzi.

Eneo lake lilikuwa kubwa mno. Kuvitembelea vigango vyote kulimchukua wiki nyingi, mara kwa farasi, mara kwa miguu, mara kwa mtumbwi kandokando ya magenge. Alijifunza Kihawaii mpaka akakihubiri na kukiandika. Alijenga makanisa kwa mikono yake, akibeba mbao begani pamoja na waamini wake. Wenyeji, ambao lugha yao haina sauti ya d, walimwita Kamiano.

Lakini alikuwa akiona jambo lililomtia huzuni. Tangu merikebu za wageni zianze kufika visiwani mnamo 1778, magonjwa ambayo wenyeji hawakuwa na kinga nayo, kama surua na ndui, yaliwapunguza kwa kasi. Na sasa ulikuwapo mwingine, ukoma. Kila mara alipozungukia vigango vyake alikuta mahali palipoachwa wazi: fulani amechukuliwa, na mwingine naye, na mtoto wa nyumba ile pia.

Ugonjwa unaotenganisha

Mwaka 1865 Mfalme Kamehameha V alitia sahihi sheria ya kuzuia kuenea kwa ukoma. Kila aliyethibitika kuwa nao alipaswa kutengwa. Mahali palipochaguliwa ni rasi ya kaskazini mwa kisiwa cha Molokai, na wagonjwa wa kwanza walishushwa huko tarehe 6 Januari 1866.

Ili kupafahamu mahali pale, msomaji asimame kwa mawazo kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, atazame chini mita 600 hivi. Kisha auweke ukuta wa namna hiyo upande mmoja tu, na pande tatu zilizobaki aweke bahari yenye mawimbi makali. Ndivyo ilivyo rasi ya Kalaupapa. Aliyewekwa chini hakuwa na njia ya kupanda, wala merikebu ya kumrudisha. Wahawaii waliupa ukoma jina lenye maana ya ugonjwa unaotenganisha, kwa sababu walichokiogopa zaidi hakikuwa vidonda, bali kung'olewa katika jamaa.

Wazee wetu wa Kiiraqw waliielewa hofu hiyo. Walikuwa na desturi ya metimani, ambapo nyumba iliyopatwa na msiba au na jambo lililohesabiwa kuwa najisi ilijitenga: watu wake hawakuingia kwa jirani, wala hawakula pamoja na wengine. Ilikuwa ni adha kubwa, na hata leo wakongwe huisimulia kwa sauti ya chini. Walakini metimani ilikuwa na mwisho. Siku zilitimia, utakaso ulifanyika, na mtu akarudi katika baraza la wenzake. Huko Molokai siku za kurudi hazikuwapo. Kabla ya sheria kufutwa mwaka 1969, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wamepelekwa kwenye rasi ile, na walio wengi walizikwa hapohapo.

Haki inadai tuseme pia kwamba Damien hakuwakuta watu wasiomjua Mungu. Wagonjwa wa madhehebu ya Kiprotestanti walikuwa wamekwisha kuunda kanisa lao, Siloama, katika mwaka uleule wa 1866, na Wakatoliki walikuwa na kikanisa kidogo cha Mtakatifu Filomena kilichojengwa mwaka 1872 na bruda mmoja wa shirika. Baadhi ya wake na waume wenye afya walikuwa wameamua kufuatana na wenzi wao wagonjwa ili wawatunze. Imani na upendo vilikuwapo. Kilichokosekana ni mchungaji wa kukaa nao. Padre alifika mara chache, akatoa sakramenti, akaondoka.

Tarehe 10 Mei 1873

Mwanzoni mwa Mei 1873 Askofu Maigret alikuwa katika kisiwa cha Maui kwa ajili ya kutabaruku kanisa. Mapadre wake walikusanyika, naye akawafungulia moyo: wagonjwa wa Molokai wanaomba padre, lakini hawezi kumwagiza mtu yeyote kwa utii kwenda mahali ambapo huenda akafia. Mapadre wanne walijitolea, na mpango ulikuwa wapokezane zamu. Damien ndiye aliyetangulia. Hakurudi nyumbani kwake kufungasha. Alipanda merikebu iliyobeba wagonjwa na ng'ombe, pamoja na askofu mwenyewe, na tarehe 10 Mei akashuka Kalaupapa akiwa na nguo alizovaa na kitabu chake cha Sala ya Kanisa. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Baada ya siku chache akaomba abaki, pasiwe na zamu. Akaeleza kwamba siku ya nadhiri zake alikwisha kulala chini ya kitambaa cha maziko, hivyo hakuna jipya aliloombwa kutoa.

Katika mwaka huohuo wa 1873, huko Norway, tabibu Gerhard Armauer Hansen aliona kwa hadubini bakteria wanaosababisha ukoma. Lakini dawa ilikuwa bado mbali kwa zaidi ya nusu karne.

Seremala, muuguzi na mchimba makaburi

Usiku wake wa kwanza, na mwingi uliofuata, alilala chini ya mti wa jamii ya mkadi karibu na kanisa, kwa kuwa hapakuwa na nyumba. Wagonjwa zaidi ya 600 waliishi pale, wengi katika vibanda vya nyasi vilivyovuja, upande wa Kalawao unaopigwa na upepo wenye mvua. Maji yaliletwa kwa kubebwa kutoka mbali na watu ambao wengine hawakuwa na vidole vya kushikia ndoo.

Damien alianza na yale yaliyoonekana kwa macho. Aliishurutisha serikali ilete mabomba, akayatandaza pamoja na wagonjwa wenye nguvu, na maji yakafika kijijini. Alijenga nyumba za mbao moja baada ya nyingine. Alifungua makao ya watoto yatima, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine, akiwalinda dhidi ya wale waliotaka kuwatumia vibaya. Aliosha vidonda, akafunga bendeji, na ilipobidi alikata viungo vilivyooza. Harufu ilimzidi mwanzoni hata mara nyingine ikamlazimu kutoka nje, na hapo ndipo alipoanza kuvuta kiko ili aweze kuistahimili.

Kabla yake, wengi walizikwa pasipo jeneza, katika mashimo mafupi. Yeye aliizungushia uzio sehemu ya makaburi, akaanzisha chama cha kuzikana, akapigilia majeneza kwa mamia, na mara nyingi alichimba kaburi mwenyewe. Waliopelekwa kule wakihesabiwa kuwa wamekufa sasa walikuwa na uhakika wa kuzikwa kama watu wenye jina.

Liturujia haikuwa ya pembeni. Aliunda kwaya na bendi. Inasimuliwa kwamba wapigaji wawili walikaa kwenye kinanda kimoja ili vidole vyao vilivyobaki vitoshe kuukamilisha wimbo. Alipoona kwamba baadhi ya wagonjwa hawaji kanisani kwa aibu ya mate yasiyozuilika, alitoboa matundu katika sakafu ya mbao ili wateme pasipo kumkwaza mtu. Matundu hayo yapo hadi leo. Alianzisha pia kuabudu Ekaristi kwa kupokezana, kama ilivyo karama ya shirika lake, na wasioweza kutembea wakashika saa zao za kuabudu vitandani.

Kuna jambo jingine, dogo kwa kulitazama, ambalo kwangu lina uzito kuliko majengo yote. Alipofika aliagizwa asimguse mgonjwa wala asile pamoja nao. Chakula cha Wahawaii ni poi, uji mzito wa magimbi, unaoliwa kwa vidole kutoka katika chungu kimoja katikati ya jamaa yote. Mwafrika anaelewa mara moja. Mgeni anayeketi kando na sahani yake amekwisha kusema yeye ni nani, hata kabla hajafungua kinywa. Damien alitia vidole vyake katika chungu kile. Alikipitisha kiko chake kwa aliyekiomba. Tukimpima kwa ujuzi wa utabibu wa leo, hakuwa mwangalifu. Lakini aliona kwamba hawezi kuwapa Mwili wa Kristo kwa mkono huku akikataa mkono wao katika chungu.

Msalaba wa upweke

Tusimfanye mtu wa mawe. Damien alikuwa na hasira za haraka, alikuwa mbishi, na mapadre waliotumwa kumsaidia waliona vigumu kukaa naye. Naye aliwaona vigumu vilevile. Wakubwa wa shirika walichoshwa na maombi yake ya mbao, dawa na nguo. Sifa zake zilipoenea Ulaya na misaada kuanza kufika, ikiwemo iliyokusanywa na mchungaji mmoja wa Kianglikana wa London, baadhi yao walidhani anajitafutia jina.

Kilichomuumiza kuliko hayo ni kukosa padre wa kumwungamia. Serikali ilikuwa imemkataza kutoka katika rasi. Siku moja mkuu wake wa shirika alifika na merikebu, lakini nahodha alikatazwa kumruhusu ashuke. Damien alipiga kasia mpaka ubavuni mwa merikebu. Naye hakuruhusiwa kupanda. Basi akasimama ndani ya mashua, akaziungama dhambi zake kwa sauti ya juu, kwa Kifaransa, mbele ya mabaharia na abiria waliokuwa sitahani, na mkuu wake akampa maondoleo kutoka juu. Sisi mapadre tunaoishi katika parokia ambazo mvua zikinyesha barabara hufunga tunaisoma habari hiyo tukiwa tumeinamisha vichwa. Mara ngapi tumeahirisha kitubio tukiwa na padre mwenzetu umbali wa saa moja tu?

Mwaka 1881 Binti Mfalme Liliuokalani alikuja kuwatembelea wagonjwa. Aliposimama kuhutubia, machozi yalimzidi akashindwa kusema. Baadaye alimtunukia Damien nishani ya ufalme, ambayo padre huyo hakuivaa kwa kawaida.

Sisi

Jioni moja ya Desemba 1884 Damien aliitia miguu yake katika beseni la maji ili aoshe uchovu wa safari. Ngozi ikababuka na kufanya malengelenge, naye hakuhisi chochote. Alikwisha kuona dalili hiyo kwa wengine mara nyingi mno hata asihitaji kuambiwa. Matabibu walithibitisha mwaka uliofuata: alikuwa na ukoma.

Tangu miaka ya mwanzo alikuwa amezoea kuhubiri akijihesabu pamoja na wagonjwa, akisema sisi mahali ambapo mhubiri mwingine angesema ninyi. Wakati ule lilikuwa ni neno la upendo. Sasa lilikuwa ni ukweli wa mwili. Uso wake ulianza kuvimba, masikio yakanenepa, sauti ikapasuka. Mama yake alifariki mwaka 1886, habari za ugonjwa wa mwanawe zikiwa zimemfikia. Damien hakupumzika, inaonekana aliongeza kasi, kama mkulima aonaye mawingu na shamba halijaisha. Alikuwa bado akilipanua kanisa la Mtakatifu Filomena nguvu zilipomwishia.

Na hapo, mwishoni, Mungu alimletea wasaidizi ambao alikuwa amewaomba kwa miaka. Mwaka 1886 alifika Joseph Dutton, mlei Mmarekani aliyewahi kuwa askari, akabaki hapo mpaka mwishoni mwa maisha yake mwaka 1931. Mwaka 1888 alifika padre Mbelgiji, Louis-Lambert Conrardy. Novemba mwaka huohuo aliwasili Mama Marianne Cope pamoja na masista wake Wafransisko, akayachukua makao ya wasichana, na baadaye ya wavulana pia. Mama Marianne alisisitiza usafi na kunawa mikono, na katika masista wake hakuna aliyeambukizwa. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 21 Oktoba 2012. Damien alipowaona aliridhika kwamba kazi haitakufa pamoja naye.

Kifo, kashfa na utukufu

Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, akiwa na umri wa miaka 49, baada ya miaka 16 ya Molokai. Alizikwa chini ya mti uleule uliokuwa nyumba yake ya kwanza.

Hata kaburini hakuachwa. Mchungaji mmoja wa Honolulu, Charles Hyde, aliandika barua akimwita mtu mchafu na mkaidi, na kudokeza kwamba ugonjwa wake ulitokana na uasherati. Wakati ule wengi waliamini hivyo juu ya ukoma. Barua ilichapishwa gazetini. Aliyejibu hakuwa Mkatoliki. Alikuwa ni Robert Louis Stevenson, mwandishi Mskoti aliyelelewa katika Upresbiteri, ambaye hadithi yake Kisiwa chenye Hazina imesomwa na vizazi vya wanafunzi wetu kwa Kiswahili. Stevenson alikuwa amekaa Kalaupapa siku kadhaa mwezi mmoja tu baada ya mazishi, akiwauliza watu, pamoja na wale ambao hawakumpenda marehemu. Februari 1890 alichapisha barua ya wazi ambayo haikuficha kasoro za Damien, bali ilionyesha kwamba mtu mwenye kasoro hizo alikwenda mahali ambapo waliomsema hawakwenda.

Mwaka 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji kwa heshima za taifa, mfalme akiupokea bandarini Antwerp, ukawekwa Leuven. Wahawaii walihuzunika, kwa kuwa walikuwa wamemzika kama mtu wao. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 4 Juni 1995 huko Brussels, na katika mwaka huo masalia ya mkono wake wa kuume yalirudishwa Molokai katika kaburi la kwanza. Ni mkono uliopigilia majeneza na kuingia katika chungu cha poi. Papa Benedikto XVI alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Sisi wa Daa na Karatu

Ndugu wapendwa, ukoma haujaisha. Katika Tanzania wagonjwa wapya bado hugunduliwa kila mwaka. Lakini leo tunajua yale ambayo Damien hakuyajua. Ukoma hauambukizi kwa urahisi, na watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake. Si laana, wala haurithiwi kama deni la ukoo. Unatibiwa kwa dawa mchanganyiko za kumeza kwa miezi 6 au 12, nazo hutolewa bure. Muda mfupi baada ya kuanza dawa mgonjwa hawezi tena kumwambukiza mtu. Mwenye doa la ngozi lililopauka au lenye wekundu, lisilohisi anapoguswa, asilifiche wala asilipake dawa za kubahatisha. Aende kituo cha afya mapema, kabla mishipa ya fahamu haijaharibika.

Hata hivyo, kutenganisha kumeishi muda mrefu kuliko ugonjwa. Ninapopeleka Komunyo kwa wagonjwa majumbani, nimeona zaidi ya mara moja kikombe kimoja kilichowekwa peke yake dirishani. Mwenye kikombe hicho hana ukoma. Mmoja alikwisha kupona kifua kikuu. Mwingine anaishi na virusi vya UKIMWI na anatumia dawa zake vizuri. Jamaa zake wanamlisha na kumsomea Rozari, lakini kikombe hakichanganywi na vingine. Naye anakijua, na watoto wa nyumba wanakijua, na siku moja watasahau sababu na kubaki na desturi.

Wazee wa metimani walijua kuhesabu siku za kumrudisha mtu. Sisi tuliobatizwa tusishindwe nao. Mwezi huu tusali Novena kwa Mtakatifu Damien tukipenda, na tuchangie kwa ajili ya wagonjwa. Yote ni mema. Lakini kabla ya hayo, aliye na kikombe dirishani nyumbani mwake akitoe, akioshe, akirudishe kabatini pamoja na vingine.

Na tuwaombee mapadre, watawa na walei wa Tanzania ambao leo wanatumwa katika nchi za mbali, ambako wanajifunza lugha ngeni na kula vyakula wasivyovizoea. Mungu awape moyo wa kuketi katika chungu kimoja na waliotumwa kwao.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.